Wasomaji Wanauliza: Nitapata Wapi Wenzangu wa Kutembea Nao Milimani?

Safari hii tumeweka pamoja barua kutoka Mbeya, Iringa, Rungwe na Njombe, kwa kuwa waandishi wake, ingawa hawafahamiani, wanauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu anayependa kutembea kwa miguu, kuangalia ndege na wanyama, au kuzuru mahali penye historia, ajiunge na nani, na akiisha kujiunga afanye nini. Baadhi ya barua tumezifupisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa Jijini Mbeya kutoka Tanga, na ninaishi mtaa wa Forest. Kila asubuhi nikifungua dirisha nauona Mlima Loleza, lakini sijaupanda hata siku moja, kwa sababu sina wa kwenda naye na si busara mwanamke kuingia msituni peke yake. Kazini wananiambia nitafute kampuni ya utalii, ila bei nilizotajiwa ni za wageni wa kutoka nje. Je, hapa mjini kuna vikundi vya wenyeji vya matembezi, vya ndege na wanyamapori, au vya mambo ya kale, ambavyo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kujiunga navyo?
Muuguzi, Forest, Mbeya

JIBU: Dada muuguzi, karibu Nyanda za Juu Kusini. Vikundi unavyovitafuta vipo, ila usitegemee kuvikuta vimeandikwa kwenye kibao barabarani, kwa sababu vingi vimezaliwa ndani ya vikundi vingine. Kuna vilabu vya jogging vinavyokutana alfajiri za mwisho wa juma. Kuna vijana wa makanisa na kwaya zao. Kuna wafanyakazi wa taasisi moja wanaochangishana nauli. Na kuna wanafunzi wa vyuo vikuu, kama vile Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe. Havikuanzishwa kwa ajili ya milima, lakini aghalabu hukosi kumkuta humo mtu mmoja au wawili ambao wakisikia Loleza imetajwa huanza kuulizana ni Jumamosi ipi. Hao ndio wa kuwatafuta, na ukimpata mmoja atakupeleka kwa wengine.

Kuna milango miwili ya kubisha hodi. Wa kwanza ni ofisi ya utamaduni na michezo katika Halmashauri ya Jiji, ambako vilabu vya mazoezi hufahamika kwa sababu huhitaji kutambuliwa na huomba ruhusa wanapoandaa matembezi ya hadhara. Wa pili, ambao mimi nauamini zaidi, ni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Msitu wa safu ya Poroto wenye Ziwa Ngozi na msitu wa Mlima Rungwe uko chini ya Wakala huu, na anayetaka kuingia humo huanza kwao kwa kibali na malipo. Kwa hiyo ofisa anayeshughulikia vibali anaelewa kuliko mtu mwingine yeyote ni kikundi kipi hurudi msituni mara kwa mara, na kipi kilikwenda siku moja kupiga picha kisha kikasambaratika. Nenda ukamuulize hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kwa upande wa ndege na wanyamapori ipo pia WCST, jumuiya ya uhifadhi iliyoanzishwa mwaka 1988 na yenye makao yake Dar es Salaam. Hiyo ni ya kitaifa, nami nisingekushauri uitegemee kwa matembezi ya kila mwezi Mbeya, bali kwa kukuunganisha na watu wanaojua ndege.

Utakapopata vikundi viwili au vitatu, utachaguaje? Hapa nina msimamo, na wasomaji wengine wanaruhusiwa kunipinga. Jiunge na kikundi kinachorudi palepale. Kipo kikundi cha aina nyingine, chenye basi la kukodi na fulana za sare, ambacho mwaka huu kinakwenda Ngozi, mwakani Kitulo, mwaka unaofuata Matema, na kila mara wanachama wake wanaona ukungu tu kwa sababu hawakujua ni mwezi gani wa kwenda. Anayetembea njia moja mwezi wa kwanza, wa nne na wa nane ndiye anayetambua mbayuwayu wameondoka lini, mti upi unatoa maua wakati chozi wanapoongezeka, na kijito gani kimekauka ambacho miaka iliyopita hakikukauka. Omba kuonyeshwa daftari lao. Kikundi makini huwa na daftari la kawaida la shule lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, saa ya kuanza, hali ya hewa, kilichoonekana, mahali, na safu ya mwisho yenye jina la aliyekiona, ili kesho akiulizwa ajibu mwenyewe. Daftari hilo likiwa na kurasa zilizolowa mvua na zilizopakwa udongo, hapo umefika. Kikundi ambacho kumbukumbu zake zote ni picha za WhatsApp kinaweza kuwa na watu wazuri sana, lakini baada ya miaka mitano hakitakuwa na la kueleza kuhusu mlima huo.

Kuhusu usalama wako, waulize ni wanawake wangapi wanaotoka nao kwa kawaida, wala si wangapi walioandikishwa. Uliza pia nani anayetembea mwisho. Katika kikundi kinachojua kazi yake, kiongozi hukaa mbele, na mtu mwingine mzoefu hukaa nyuma kabisa na haruhusiwi kumpita yeyote, hata kama mtu anafunga kamba za viatu kwa dakika kumi. Wakikujibu kwamba "sisi huwa tunaenda tu", tafuta wengine.

Loleza, wenye mita 2,656, unafaa kwa kuanzia kwa kuwa mji wenyewe uko kwenye mita 1,700 hivi na hauhitaji nauli ya mbali. Mapafu yako ya Tanga yataulalamikia mwanzoni, basi usione haya kupumzika. Kilele cha Mbeya, kinachozidi mita 2,800, kisubiri mpaka miguu izoee. Ngozi ni kwa siku nzima. Njia huachana na barabara ya Tukuyu katika kijiji cha Mchangani, hupita mashambani kisha huingia msituni, na mwinuko wa mwisho kuelekea ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkeno lenye ziwa, ni mkali kiasi kwamba wakati wa mvua watu hupanda wakishikilia mizizi. Ukifika juu, ziwa liko takriban mita 200 chini yako, halina mto unaoonekana kuingia wala kutoka. Mvua za huku ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne au wa tano. Ukitaka kuuona msitu ukiwa umechangamka vumilia matope, na ukitaka njia kavu nenda kati ya mwezi wa sita na wa kumi, ukijua kwamba Juni na Julai baridi ya Mbeya si ya kutania.

Gharama zisikutishe. Mtanzania hulipa kiwango cha raia, ambacho ni cha chini sana kuliko cha mgeni, na malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa fedha mkononi. Michango mingine ni nauli, mwongozaji na chakula. Mweka hazina atoe mchanganuo kabla ya safari na risiti baada ya safari. Penye mchango usio na mchanganuo, urafiki hauchukui muda kuharibika.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Kihesa, Iringa. Wanafunzi wangu wanaweza kutaja mwaka ulioanza Vita vya Majimaji bila kufungua kitabu, lakini wengi hawajafika Kalenga, ambako ni karibu kuliko kwao wanakokwenda likizo. Nimefikiria kuanzisha kikundi cha urithi cha walimu, wanafunzi na wazazi. Nianzie wapi, tuzuru wapi kwanza, na ni lazima tusajiliwe?
Mwalimu, Kihesa, Iringa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Sidhani kama uko mji mwingine Nyanda za Juu Kusini wenye urithi uliokaa karibu karibu kama Iringa, na anza palipo karibu zaidi, yaani Boma. Jengo hilo la enzi za Wajerumani lilifunguliwa mwaka 2016 likiwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Ongea na wahudumu wake kabla ya kutangaza kikundi chako, kwa kuwa huenda ukakuta watu wenye nia kama yako ambao wangefurahi kuunganisha nguvu, na hakuna faida ya kuwa na vikundi vinne dhaifu katika mji mmoja.

Matembezi ya kwanza yawe ya mjini na ya miguu tu: Boma, makaburi yenye askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha kupanda hadi jiwe la Gangilonga, ambako masimulizi yanasema Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alipenda kwenda kutafakari. Ukiwa juu ya jiwe hilo mji wote uko miguuni pako, na mwanafunzi anaweza kuonyeshwa kwa kidole barabara ya kwenda Dodoma, ya kwenda Mbeya na ya kwenda Ruaha. Nusu ya somo la jiografia inakwisha hapo. Matembezi ya pili yaelekee Igeleke, kaskazini kidogo ya mji, penye michoro ya rangi nyekundu kwenye mwamba. Waambie wazi kabla hawajafika kwamba michoro haiguswi wala hailowanishwi maji ili ionekane vizuri kwenye picha, maana jasho la viganja na maji vinaiondoa rangi ambayo imedumu vizazi kwa vizazi.

Kisha mje kwa Mkwawa, na hapa ningekushauri mfuate mpangilio wa matukio badala ya ukaribu wa mahali. Watu wengi huanzia Kalenga kwa sababu ni kama kilomita 15 tu, wanaliona fuvu la Mkwawa kwenye makumbusho, wanapiga picha nje, wanarudi. Anzieni Lugalo, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikishambulia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wanafunzi wasimame pale wakitazama mahali ambapo kikosi kilikuwa kimenyooka katika msururu mrefu, na kila mmoja aeleze angejificha wapi. Ndipo safari inayofuata iwe Kalenga, ngome iliyoanguka mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa hakukamatwa hapo. Aliendelea kupigana akiwa porini kwa karibu miaka minne, mpaka alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asiangukie mikononi mwa adui. Fuvu lake lilidaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, lakini lilirudi tarehe 19 Juni 1954 tu, likiletwa na Gavana Edward Twining. Mwanafunzi aliyekwisha kusimama Lugalo akifika mbele ya kabati lile la kioo huwa na maswali. Aliyeletwa moja kwa moja huwa na simu mkononi.

Msiishie kwenye makumbusho. Katika familia za Iringa wamo wazee ambao babu zao waliwasimulia habari za vita vile kwa namna ambayo haimo kwenye kitabu cha shule, na masimulizi hayo hayapatani kila mahali. Kikundi chako kiyarekodi kwa ridhaa ya wazee wenyewe, kiandike nani alisimulia, lini, na kwa lugha gani, na kisijaribu kuyasawazisha. Mzee akisimulia kwa Kihehe, aachwe amalize kwa Kihehe.

Isimila iwe safari ya baadaye, wakati wanafunzi wamekwisha kujifunza kuangalia. Ni kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, na wengi huenda kwa ajili ya zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ambazo kwa kweli zinapendeza. Lakini jambo kubwa liko chini ya miguu. Mahali hapo palitambuliwa mwaka 1951, na mwanaakiolojia Clark Howell alipachimba mwaka 1957 na 1958, akapata mashoka ya mkono ya mawe yenye umri unaozidi miaka 200,000. Chukua muda juu ya shoka moja. Lina umbo la tone la maji, pembe moja imechongwa nyembamba na nyingine imeachwa nene ili ikae kwenye kiganja, na pande zote mbili zina makovu ya mapigo yaliyopangwa kwa zamu, upande huu kisha upande ule. Mwambie mwanafunzi ahesabu makovu hayo. Atajua mwenyewe kwamba aliyelichonga alikuwa na sura ya kitu kichwani mwake kabla hajaanza kupiga jiwe. Baada ya hapo jiwe linabaki palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, na hata bila sheria, shoka lililofichwa mfukoni na kuletwa Kihesa ni jiwe tu, kwa sababu hakuna tena anayeweza kujua lilikuwa tabaka gani na karibu na nini.

Kuhusu usajili, tenganisha mambo mawili. Kikundi cha wanafunzi ndani ya shule kinatosha kwa idhini ya mkuu wa shule na mwalimu mlezi, na kinaweza kuunganishwa na mitandao iliyopo tayari: Malihai, iliyoanzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya vilabu vya wanyamapori mashuleni, au Roots & Shoots, aliyoianzisha Jane Goodall mwaka 1991 jijini Dar es Salaam akiwa na wanafunzi wachache. Kila safari iwe na barua ya ridhaa ya mzazi. Lakini wazazi na walimu mkianza kuchanga fedha na kufungua akaunti benki, mwone afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ili mtambuliwe kama kikundi cha kijamii. Andaeni katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Katiba isiwe ndefu. Iseme mwanachama ni nani, fedha zinatoka kwa saini za nani, na kiongozi anaondokaje. Hilo la mwisho ndilo vikundi vingi husahau kuliandika mpaka siku linapohitajika.

SWALI: Mhariri, nimezaliwa chini ya Mlima Rungwe na nimeupanda nikiwa kijana nikichunga ng'ombe wa baba yangu. Wajukuu zangu wamenialika kujiunga na kikundi chao cha matembezi, na nimeambiwa kwamba kupanda kunahitaji kibali, ada na mwongozaji. Mlima wa babu zetu tuulipie leo kwa nini?
Mstaafu, Tukuyu

JIBU: Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki, wala sitalijibu kwa kusema tu kwamba ndiyo sheria, ingawa ni kweli kwamba msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009 na unasimamiwa na TFS.

Tangu ulipokuwa ukichunga ng'ombe, mambo mawili yamejulikana wazi zaidi. Kwanza ni maji: miteremko ya kusini-mashariki ya Rungwe hupata mvua inayofikia milimita 3,000 kwa mwaka, kiwango ambacho sehemu chache sana za Tanzania hukipata, na msitu ndio unaoyashika maji hayo na kuyaachia taratibu kwenye mito na mashamba ya migomba na chai. Pili ni kipunji. Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakiongea na wawindaji wa vijiji vya kuzunguka mlima walisikia habari za kima mwenye haya, wakamtafuta, na mwaka 2005 akatangazwa duniani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la pekee la kisayansi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliwakadiria kuwa 1,117 tu, katika misitu ya Rungwe na Kitulo na msitu mwingine mmoja wa Udzungwa. Angalia, mzee, kwamba habari ilitoka kwenu. Wawindaji walikuwa wanamjua kabla ya daftari la mtaalamu yeyote.

Kwa sababu hiyo nakubaliana nawe nusu. Kibali kina maana, kwa kuwa ndicho kinachowezesha kujua nani yumo msituni, na msituni humo mitego ya nyaya bado ni tatizo. Lakini mwongozaji awe kijana wa kijiji cha hapo, na kikundi cha wajukuu zako kina haki ya kuuliza kupitia serikali ya kijiji ni nini kinarudi kwa wanaokaa chini ya mlima. Uliza hadharani, kwenye mkutano, kwa upole na bila kuchoka. Na tafadhali usikatae mwaliko wa vijana. Kilele kina mita 2,960 na si lazima ukifikie. Kikundi kinachokuwa na mtu anayekumbuka msitu ulikuwa unaanzia wapi miaka hamsini iliyopita kina kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kukitoa. Wakufuate wewe mpaka pale mpaka wa zamani ulipokuwa, na mmoja aandike.

SWALI: Tuko vijana kumi na tunakwenda Kitulo mara kwa mara kupiga picha za okidi, tunazituma mtandaoni pamoja na ramani ya mahali ili wengine wafaidi. Mwanakikundi mmoja anasema tunakosea. Kweli?
Kijana, Njombe

JIBU: Mwenzenu yuko sahihi. Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ikiwa na kilomita za mraba 412, na ilianzishwa hasa kwa ajili ya mimea, jambo lisilo la kawaida kwa hifadhi za Afrika ya kitropiki. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na kati ya mimea yake zimo aina 45 za okidi. Moja ya sababu za kuilinda ilikuwa biashara ya viazi vya okidi, vinavyochimbwa na kusafirishwa hadi Zambia, ambako hutwangwa pamoja na karanga na pilipili kutengeneza chakula kinachoitwa chikanda. Anayechimba huondoa mmea mzima. Ramani yenu, kwa nia njema kabisa, humpunguzia kazi.

Tumeni picha, taja mwezi na mwinuko, acheni mahali. Mkitumia iNaturalist, programu hiyo huficha mahali kamili pa spishi zinazotambuliwa kuwa hatarini, na kwa zile nyingine mnaweza kuchagua wenyewe kuficha. Pia zimeni kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kutuma picha halisi kwa mtu. Ramani kamili wapeni askari wa hifadhi, ambao ndio wanaohitaji kujua.

SWALI: Mwanangu ana miaka kumi na miwili na anapenda wanyama na mawe ya ajabu. Kikundi cha mtaani kimekubali kumchukua kupanda Rungwe mwezi ujao. Nimruhusu?
Mama, Uyole

JIBU: Mama, Rungwe kwa safari ya kwanza ya mtoto wa umri huo ni mbali mno, na kiongozi aliyekubali bila kukuuliza amewahi kutembea umbali gani angenitia shaka. Waombe waanze na Kiwira. Daraja la Mungu, yaani mwamba wa volkeno unaovuka mto kama daraja, na Kijungu, ambapo maji huzunguka kwa nguvu ndani ya shimo la mwamba, vyote vinaweza kuonwa kwa siku moja bila kupanda mlima, na mtoto anayependa mawe atakuwa na mengi ya kuuliza. Ukingoni mwa Kijungu mwamba huwa na utelezi, kwa hiyo mtu mzima mmoja asimamie watoto wasiozidi watatu. Siku nyingine apelekwe kwenye Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ambacho ni chuma kilichotoka angani, chenye urefu wa mita tatu hivi, na ambacho anaweza kukigusa kwa mkono wake.

Nenda naye safari ya kwanza wewe mwenyewe, ukawaone wakitembea. Abebe koti la mvua hata kama asubuhi kuna jua. Eneo la Kiwira lina Chuo cha Magereza, kwa hiyo kiongozi aulize kwanza ni wapi panaruhusiwa kupigwa picha, na mtoto aelezwe kabla simu haijatoka mfukoni.